Wenye Nchi ni Akina Nani? Jinsi Uingereza inavyotawaliwa, na kura ambayo wengi wetu tunayo bila kujua

Barua ilikuwa jikoni kwa shangazi, imelazwa mezani, juu yake sufuria ya maharage ili meza isiungue. Niliivuta nikasoma kichwa chake. Halmashauri ya mji ilikuwa inauliza ni watu gani katika nyumba ile wana sifa ya kupiga kura. Nikamuuliza shangazi kama ameshaijibu. Akakoroga mchuzi wake kwanza. "Hayo mambo ya wenye nchi, mwanangu. Sisi tumekuja kutafuta."

Si shangazi yangu wa damu. Ni mama wa Tanga ambaye karibu kila kijana wa pwani aliyehamia mji huu amewahi kula kwake. Analea wazee, zamu za usiku, na ana ukaazi wa kudumu. Kila mwezi analipa kodi ya mapato, bima ya taifa, na ile kodi ya halmashauri ambayo wenyewe tunaiita kaunsili taksi. Pasipoti yake ni ya Tanzania na hana mpango wa kuibadili, kwa sababu sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akichukua wa Uingereza, wa nyumbani unakwenda. Kwa hiyo amejihesabu mpangaji. Lakini sheria ya Uingereza haimhesabu hivyo. Inamtambua kuwa mpiga kura kamili, wa diwani na wa mbunge, na ilimtambua hivyo tangu alipohamia na viza yake ya kwanza, kabla hata ukaazi haujapatikana. Miaka kumi na saba kura yake imelala.

Kinachoniuma ni kwamba mambo haya aliyasoma. Ili apate ukaazi alifanya mtihani wa Life in the UK: maswali 24 ndani ya dakika 45, na usipopata 18 umeanguka. Alikariri miaka ya vita na majina ya wake sita wa Mfalme Henry VIII. Akafaulu, akafunga kitabu, na picha ya namna nchi inavyoendeshwa haikubaki kichwani. Nitajaribu kuichora hapa, nikianzia kwenye neno lake mwenyewe: hao wenye nchi ni akina nani?

Muungano, Mfalme na Bunge

Kwanza jina. Kiswahili chetu kinatumia neno Uingereza kwa nchi nzima na kwa kipande chake kimoja, na hapo watu wengi hupotea. Nchi nzima ni muungano wa sehemu nne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mtanzania ana njia ya mkato ya kulielewa hili. Zanzibar ina serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi, Tanganyika haina, na mambo yake yanaamuliwa na Bunge la Muungano. England ndiyo Tanganyika ya huku. Ina zaidi ya asilimia 80 ya watu wote, lakini haina bunge lake. Scotland na Wales zilipata mabunge yao mwaka 1999, na Ireland ya Kaskazini ilipata lake kutokana na makubaliano ya amani ya 1998. Hospitali ya Glasgow, mji wa Scotland, iko chini ya serikali ya Scotland iliyoko Edinburgh. Hospitali ya Birmingham, mji wa England, iko chini ya wakubwa wa London. Uhamiaji, ulinzi na mambo ya nje ni ya muungano, yanaamuliwa Westminster, yaani Bunge kuu lililoko London, kwa niaba ya wote.

Mkuu wa nchi ni Mfalme Charles III, aliyerithi kiti Septemba 2022. Kwenye karatasi ana mamlaka ya kutisha: serikali ni yake, majaji ni wake, na muswada hauwi sheria mpaka autolee ridhaa. Kwa vitendo, mara ya mwisho mtawala kukataa kutoa ridhaa hiyo ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne. Mfalme hutenda kwa ushauri wa mawaziri, na ushauri huo haukatai.

Nguvu yenyewe imekaa House of Commons, baraza la wabunge 650 ambalo baadhi ya Waswahili hulitafsiri Bunge la Makabwela. Kuna tendo moja la karibu kila mwaka linaloonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Siku ya kufungua Bunge, Mfalme huketi kwenye kiti chake katika baraza la juu, House of Lords, akiwa na taji kichwani. Humtuma mjumbe wake, aliyeshika fimbo nyeusi, akawaite wabunge. Mjumbe anapoukaribia mlango wa Commons, unafungwa kwa kishindo usoni pake. Lazima asimame agonge mara tatu kwa fimbo yake ndipo afunguliwe. Chimbuko lake ni Januari 1642, pale Mfalme Charles I alipoingia na askari barazani kukamata wabunge watano. Hakuwapata, na tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia aliyetia mguu ndani ya Commons wakati wa vikao. Mbele ya Spika imelazwa siwa, ishara ya mamlaka ya kikao, kama ile inayobebwa Dodoma na Nairobi. Isipokuwepo mezani, kikao hakiwezi kuendelea. Watu wa Lamu na Pate wanajua uzito wa neno hilo bila kufundishwa.

Baraza la Lords nalipita haraka, kwa sababu halichaguliwi na mtu yeyote. Wengi wa wajumbe wake huteuliwa, na waliokuwa wakikaa humo kwa kurithi waliondolewa kwa wingi mwaka 1999. Kazi yake ni kuichambua miswada na kuirudisha na marekebisho. Kwa sheria za Bunge za 1911 na 1949, linaweza kuuchelewesha muswada wa kawaida kwa takriban mwaka mmoja na muswada wa fedha kwa mwezi mmoja, kisha Commons ikitaka, inapita bila wao.

Waziri Mkuu asiyepigiwa kura

Hapa ndipo ndugu zetu wengi hushangaa. Hakuna karatasi ya kura Uingereza yenye nafasi ya kumchagua Waziri Mkuu. Tarehe 4 Julai 2024, waliopata kuliona jina la Keir Starmer kwenye karatasi ni wapiga kura wa jimbo moja tu la London, Holborn and St Pancras. Nchi nyingine yote ilichagua wabunge wa majimbo yake. Chama cha Labour kikapata wabunge wengi, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama, na kesho yake Mfalme akamwita aunde serikali. Kanuni ni hiyo tu: Waziri Mkuu ni yule mwenye uwezo wa kuungwa mkono na wabunge walio wengi.

Ukiishika kanuni hiyo, mwaka 2022 unaeleweka. Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliangushwa na mawaziri na wabunge wa chama chake mwenyewe. Liz Truss akachaguliwa na wanachama wa Conservative, kura 81,326 dhidi ya 60,399 za Rishi Sunak. Akadumu siku 49. Wabunge wa chama wakamgeukia Sunak, hakukuwa na mpinzani, akaingia Oktoba. Mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja, na wananchi hawakuitwa vituoni hata mara moja. Huyo Sunak, kwa wanaopenda kufuatilia nyayo, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika.

Je, huo ni udemokrasia? Nimebishana na watu wengi juu ya hili. Kwetu rais anachaguliwa na watu kwa miaka mitano, na kumtoa katikati ni kazi kubwa mno. Waziri Mkuu wa Uingereza anakaa kwa imani ya wabunge, na imani ikiisha usiku wa leo, kesho anafungasha. Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja. Uchaguzi ukaitishwa, na Margaret Thatcher akaingia. Mimi naona kuna uwajibikaji ndani yake, ingawa wa mzunguko: wewe unamshika mbunge, mbunge anamshika Waziri Mkuu. Ukimwachia mbunge, mnyororo wote umelegea.

Mfumo huu tuliwahi kuuvaa sisi wenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu na mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth, mpaka tulipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Kenya ilipita njia hiyo hiyo na Jomo Kenyatta kati ya 1963 na 1964. Tanzania bado imebaki na alama yake moja, kwamba waziri lazima awe mbunge. Kenya iliiacha kwa katiba ya 2010.

Na katiba ya Uingereza iko wapi? Hakuna kitabu kimoja cha kumpa mwanafunzi mkononi. Iko kwenye sheria zilizotawanyika, kama ile ya haki za mwaka 1689 na ya haki za binadamu ya 1998, kwenye hukumu za mahakama, na kwenye mila ambazo hazijaandikwa kama sheria lakini zinafuatwa. Nguzo kuu ni ukuu wa Bunge. Mahakama ya Kenya inaweza kuitangaza sheria ya Bunge kuwa batili kwa sababu inagongana na katiba. Mahakama ya London haiwezi kuifuta sheria iliyotungwa na Bunge la Westminster. Ikiona inakiuka haki za binadamu inatamka hivyo, na kuirekebisha ni kazi ya Bunge lenyewe.

Lakini serikali si Bunge, na tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2019. Boris Johnson alimshauri Malkia alisimamishe Bunge kwa wiki tano, wakati mjadala wa kutoka Umoja wa Ulaya umepamba moto. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu walikubaliana wote kwamba usitishaji ule ulikuwa kinyume cha sheria. Kesho yake wabunge walikuwa vitini. Mahakama haikuwa inashindana na Bunge. Ilikuwa inalilinda dhidi ya serikali.

Kura kumi na tano

Uchaguzi wa wabunge unafuata njia ambayo Mkenya na Mtanzania wanaijua tayari: jimbo moja, mshindi mmoja, anayeongoza hata kwa kura moja amechukua. Wengi wetu tuliirithi kutoka huko huko. Katika jimbo la Hendon, kaskazini mwa London, mwaka 2024 mshindi alimzidi aliyemfuata kwa kura 15. Kura 15 ni watu wa nyumba mbili za Waswahili siku ya Idi, kabla wageni hawajafika. Ninapomsikia mtu akisema "kura yangu moja itabadilisha nini," namtajia Hendon.

Haimaanishi kwamba njia hii ina haki kwa kila mtu. Katika jimbo la South West Norfolk, ambako Liz Truss alipoteza kiti chake kwa kura 630, aliyeshinda alipata asilimia 26.7 tu ya kura zote. Karibu watu watatu katika kila wanne walitaka mwingine. Kitaifa ni hivyo hivyo: Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Chama cha Reform UK kilipata kura zaidi ya milioni nne na viti vitano. Liberal Democrats walipata kura pungufu ya hizo, milioni tatu na nusu hivi, wakaondoka na viti 72.

Hakuna aliyeiba kitu. Kura za Reform zilitawanyika nchi nzima, nyingi za nafasi ya pili na ya tatu, na nafasi ya pili haina kiti. Za Liberal Democrats zililundikana kwenye majimbo waliyokuwa wameyapigia kazi miaka mingi. Kiganja cha chumvi ukikimwaga baharini hakuna atakayejua. Ukikitia chunguni, mchuzi umekolea.

Wananchi waliwahi kuulizwa kama wanataka kubadilisha njia hii, kwa kura ya maoni ya Mei 2011. Karibu asilimia 68 ya waliojitokeza walikataa. Nadhani sehemu ya sababu ni kwamba watu wanapenda kuwa na mbunge mmoja mwenye jina, wanayejua ofisi yake iko mtaa gani. Nitarudi kwake.

Jambo la kusikitisha ni waliobaki nyumbani. Mwaka 2024, kati ya kila watu kumi walioandikishwa, wanne hawakwenda kituoni. Na hao ni walioandikishwa. Shangazi na wenzake hawamo hata kwenye hesabu hiyo.

Kwa nini Mtanzania anapiga kura London

Haki hii si hisani wala kosa la karani. Ina mizizi, na mizizi yake inapita kwetu.

Uingereza yenyewe ilichelewa. Mwaka 1918 ndipo wanaume wote wa miaka 21 na zaidi walipopata kura, pamoja na wanawake wa miaka 30 waliotimiza masharti ya mali. Wanawake walisawazishwa na wanaume mwaka 1928, na umri ukashuka hadi 18 mwaka 1969. Wakati huo wote makoloni yalikuwa na hesabu nyingine. Kenya, Waafrika walichagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1957, kwa masharti ya elimu na kipato, na baadhi walikuwa na kura mbili au tatu kwa mtu mmoja. Tanganyika tulipewa kura tatu ya 1958 na 1959: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kana kwamba jamii hizo zilikuwa na idadi sawa. TANU ilikaa Tabora Januari 1958 ikajadili kama iingie au isuse. Iliingia, na ikashinda.

Sasa tazama upande wa pili. Sheria ya kura ya Uingereza haikusema "Mwingereza". Ilisema raia wa Mfalme, yaani mtu yeyote wa himaya aliyekuwa chini ya taji, mradi anaishi kisiwani. Aliyezaliwa Nyeri, ndani ya koloni, alikuwa raia wa Mfalme. Aliyezaliwa Mombasa, ndani ya ukanda wa Sultani wa Zanzibar, alihesabiwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza tu, si raia, sawa na Mzanzibari na Mganda. Nchi zilipojitawala na kuingia Jumuiya ya Madola, sheria za uraia ziliwaweka raia wake wote kwenye kundi moja, na kura ikabaki nao. Haki hii ni masalia ya himaya. Babu zetu walihesabiwa kuwa watu wa Mfalme kila kodi ilipodaiwa. Sioni sababu ya wajukuu kuona haya kuitumia sehemu ya hesabu hiyo inayowafaa.

Hivyo leo raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2009, na Msumbiji iliyojiunga 1995, akiwa ametimiza umri, anaishi Uingereza na ana kibali halali cha aina yoyote, hata cha mwanafunzi, anaweza kuandikishwa. Akipata ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea ubunge. Mwaka 2016, katika kura ya maoni ya kutoka Umoja wa Ulaya, Mtanzania aliyekuwa na mwaka mmoja London alipiga kura, na Mfaransa aliyeishi hapo miaka thelathini bila kuchukua uraia hakupiga. Kwa Mtanzania uzito unaongezeka, kwa sababu Tanzania haijaweka utaratibu wa kupiga kura ukiwa nje. Kura ya Uingereza ndiyo pekee aliyo nayo mkononi.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman habari si hiyo. Nchi zao hazimo kwenye Jumuiya, kwa hiyo huko England hawapigi mpaka wachukue uraia. Wasishawishiwe na mtu kujaza uraia usio wao kwenye fomu. Ni kosa la jinai. Ila Scotland na Wales zilibadilisha sheria zao kati ya 2020 na 2021, na mgeni yeyote mwenye kibali cha kuishi huchagua madiwani na wabunge wa mabunge yao ya ndani, kuanzia miaka 16. Mkongo wa Glasgow ana kura ya bunge la Edinburgh. Akihamia Manchester kufuata kazi, kura inabaki njiani. Serikali ya London nayo ilitangaza Julai 2025 kwamba inataka umri wa kura ushuke hadi 16 kwa uchaguzi wa Bunge kuu.

Mlango wa mbunge

Huhitaji kura ili usikilizwe. Kila mbunge huwa na siku za kuonana na watu wa jimbo lake, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi, kwenye maktaba, ukumbi wa kanisa au ofisini. Wenyewe wanaziita surgery, neno lile lile la chumba cha daktari. Mbunge ni wa wote wanaoishi jimboni, waliompigia, waliomnyima, na wasioruhusiwa kupiga. Ninamfahamu Mrundi mmoja ambaye shauri la familia yake lilikaa kwenye idara moja ya serikali zaidi ya mwaka bila jibu. Alichukua barua zake zote kwenye mfuko wa plastiki, akapanga foleni maktaba, akasikilizwa dakika kumi. Ofisi ya mbunge iliandika barua moja kwa idara ile. Sisemi barua ya mbunge inageuza hapana kuwa ndiyo. Lakini faili lake lilipatikana, na jibu likaja.

Utaratibu huu una gharama yake. Jo Cox aliuawa Juni 2016 akifika kuonana na watu wa jimbo lake katika mji wa Birstall. David Amess aliuawa Oktoba 2021 akiwa katika kikao cha namna hiyo Leigh-on-Sea. Mmoja alikuwa wa Labour, mwingine wa Conservative. Baada ya vifo hivyo ulinzi umeongezwa na mara nyingi utaombwa kujiandikisha kabla ya kwenda, lakini mlango haukufungwa. Ninapomwona mbunge ameketi kwenye kiti cha plastiki akimsikiliza mtu ambaye hana hata kura ya kumpa, nawakumbuka hao wawili.

Kuna pia maombi ya mtandaoni kwenye tovuti ya Bunge. Sahihi 10,000, serikali hutoa jibu. 100,000, ombi linafikiriwa kwa mjadala. Mkaazi yeyote anaweza kutia sahihi.

Na kuna halmashauri, ambayo watu huidharau kuliko yote. Mapipa ya taka, malezi ya wazee, nyumba za kupanga za umma, maktaba, barabara za mtaani, vyote viko huko. Kazi yenyewe ya shangazi, kiwango anacholipwa na wazee wangapi anapangiwa, inategemea sana fedha ambazo halmashauri inazipeleka kwenye malezi. Hata hivyo uchaguzi wa madiwani mara nyingi huvuta theluthi tu ya wapiga kura, au zaidi kidogo.

Alhamisi ya Mei

Kujiandikisha kulituchukua muda mfupi kuliko maharage kuiva. Ni mtandaoni, unaweka namba ya bima ya taifa, anwani na uraia. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na ukisubiri mpaka kampeni zipambe moto unaweza kujikuta umechelewa. Asiyeweza kwenda kituoni kwa sababu ya zamu anaomba kura ya posta. Tangu 2023, kwa uchaguzi wa Bunge kuu na kwa uchaguzi wa madiwani wa England, lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na hapa ndipo wengi huogopa bure: pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika England, Scotland na Wales, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Kadi ya NIDA au leseni ya udereva ya kwetu haikubaliki. Asiye na kitambulisho chochote anaomba cheti cha mpiga kura, bure.

Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na shangazi alitaka twende alfajiri hiyo hiyo akitoka zamu, kabla usingizi haujamkamata. Hakukuwa na foleni wala askari. Karani aliifungua pasipoti yenye nembo ya bibi na bwana, akamtazama, akaweka rula chini ya jina lake kwenye orodha na kulipitisha mstari. Akampa karatasi. Haina picha za wagombea, majina tu na nembo za vyama.

Shangazi alibaki amesimama, ameunyoosha mkono wa kushoto. Alikuwa anasubiri wino wa kidole. Nikamwambia huku hawachovyi. Kwenye kibanda kulikuwa na penseli imefungwa kwa kamba, akaigeuzageuza. "Penseli? Si watafuta?" Nikamwambia anaruhusiwa kutumia kalamu yake. Akafungua mkoba, akatoa kalamu aliyoandikia taarifa za wazee usiku kucha, akatia alama yake, akaikunja karatasi mara nne na kuisukuma kwenye sanduku jeusi mpaka akasikia imeanguka.

Njiani akauliza siku ya kuonana na mbunge ni lini, maana taa ya barabarani mbele ya nyumba yake imezimika tangu kabla ya Ramadhani, na yeye hurudi gizani. Nikamweleza kwamba taa si ya mbunge, ni ya halmashauri. Aende kwa diwani, na kura za diwani zinahesabiwa leo usiku.

Akasimama pale pale kwenye kituo cha basi, akatoa simu na miwani. "Wagombea walikuwa watano," akasema. "Nitajie majina yao, niyaandike yote."